Beseni la Bluu na Kitambaa Chake

Fundi Turubai hakuweza kuuona mshono mbaya akanyamaza. Lori likisimama mbele ya karakana yake, hata kama dereva amekuja kuongezewa kamba moja tu, yeye alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akapitisha kidole gumba juu ya turubai kama daktari anayetafuta panapouma, na pale kidole kilipokwama alichomoa wembe mfukoni akafumua. Kulalamika hakukusaidia kitu. Aliwahi kufumua mkanda wa begi la shule mwenye begi akiwa bado amelivaa, na mtoto huyo alisimama kimya mpaka mkanda uliposhonwa upya, akachelewa darasani. Kinyozi, ambaye duka lake linatazamana na karakana hiyo, alikuwa akisema kwamba rafiki yake siku ya kufa ataamka kwanza akague pindo la sanda, na mazishi yasubiri.

Katika miaka arobaini na mitatu ya kazi hiyo, mshono mmoja tu mbaya ulikuwa umeponyoka mikononi mwake. Ulikuwa kwenye paa la hema lake mwenyewe, kona ya nyuma upande wa kushoto, ukishikilia kiraka cha kaki chenye ukubwa wa sahani. Ulikwenda kama nyayo za kuku kwenye matope: hatua ndefu, hatua fupi, nyingine imeondoka zake pembeni. Aliyeushona alikuwa mkewe, na mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu.

Huu ulikuwa mwaka wa sita tangu Mwalimu afariki, na wa kumi na mmoja tangu hema likunjwe kwa mara ya mwisho. Lilikaa chini ya meza ya kukatia, limefungwa kwa kamba tatu, na Fundi alikuwa ameizoea hali ya kuliegemeza goti lake bovu wakati anafanya kazi. Wateja walipouliza ni nini kile, aliwaambia ni hema la familia, kisha akawaelezea habari za kile kiraka, watake wasitake. Mke wangu, aliwaambia, hajawahi kushika sindano kabla ya siku ile wala baada yake. Kashona mara moja tu maishani. Na mshono ule ulipigwa na mvua za pwani miaka kumi na mitatu usidondoshe hata tone.

Kinyozi alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuimaliza huku ananyoa.

Basi Jumapili moja binti yake mkubwa alikuja na habari mbili. Yeye alikuwa muuguzi, na nyumbani walimwita Nesi tangu akiwa na miaka tisa, alipowafunga bendeji paka wote wa mtaa. Habari ya kwanza ilikuwa kwamba amepata kazi katika hospitali ya mbali, mbali kweli, ng'ambo ya maji, na ataondoka baada ya miezi miwili kwa mkataba wa miaka mitano. Fundi aliipokea kwa kumpongeza, akamshika mkono kwa nguvu, kisha akaenda jikoni kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani mbele yake.

Habari ya pili ilimrudisha sebuleni. Nesi alitaka, kabla hajaondoka, wao watatu waende kupiga kambi kule msituni. Yaani yeye, baba yake, na mdogo wake wa mwisho, fundi simu mwenye mwili wa bondia na umri wa miaka thelathini, ambaye mpaka leo anaitwa Kitinda.

"Kule kwetu," Nesi alisema, kana kwamba familia ina hati ya msitu.

Hawakuwa na hati, lakini walikuwa na haki fulani ya kusema hivyo. Kila likizo ya katikati ya mwaka, kwa miaka kumi na minne mfululizo, walikwenda kwenye kambi ile iliyo mwisho wa barabara ya vumbi, pale ambapo msitu wa pwani unaishia ghafla juu ya mchanga, miti imeachia mizizi yake nje kama watu waliokunja suruali kabla ya kuingia majini. Gari liliachwa getini. Kutoka hapo kila mtu alijitwika mzigo, wakafuata njia kati ya mikoko, wakavuka mkono wa bahari kwa miguu maji yakiwa yamepwa, magoti yakilowa. Ukichelewa, maji yanajaa na unabaki ng'ambo na sufuria zako mpaka jioni. Huko hakukuwa na umeme wala duka. Kulikuwa na bomba moja, choo kimoja, na kima waliojua tofauti kati ya mfuko wa mkate na mfuko wa nguo. Usiku kaa walitembea nje ya hema wameinua magando yao juu, na Kitinda, akiwa mdogo, aliamini wanakuja kujisalimisha.

Fundi alianza kukumbuka kwa sauti, akasahau chai. Aliinuka, akazunguka meza, akauliza kama ule mti uliolala juu ya mchanga bado upo. Ndipo Nesi akaingiza lile alilokuwa amelificha mgongoni. Alikuwa amezungumza na bwana misitu kwa simu. Siku hizi pamejengwa vibanda vitatu vya mbao, vina vitanda, vina ngazi yenye mkono wa kushikilia. Ameshaweka nafasi ya kimoja, kwa ajili ya goti.

"Na hema?" Fundi aliuliza.

"Hema limefanya kazi yake, baba. Na lenyewe lipumzike."

Fundi hakubisha. Alikaa, akakunja kitambaa cha mezani mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Watoto wake walimfahamu. Baba yao akigombana hadharani jambo halina uzito, akinyamaza na kukunja vitu, basi limemkaa rohoni. Kitinda akasema, mkate mdomoni, kwamba yeye kibandani halali, maana dada yake anakoroma kama jenereta na mbao zinabeba sauti. Nesi akamjibu kwamba afadhali kukoroma kuliko kulia kwa kuogopa kaa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kitambaa, na mwishowe akalegea nusu.

Alilegea kwa masharti, kama wanavyolegea watu wa hospitali. Mosi, baba aonyeshe kwamba anaweza kuinuka kutoka chini peke yake, bila kushikwa. Pili, hema lisivuje. Jumamosi watalisimamisha uwanjani nyuma ya karakana, watalimwagia maji ya mpira kwa nusu saa, naye atakaa ndani kuangalia. Msimu ule mvua za pwani hazina adabu, na mzee mwenye miaka sitini na tisa halali kwenye godoro bichi. Likidondosha tone moja, watalala kibandani, na hakuna rufaa. Bwana misitu amekubali kushika kibanda na kiwanja namba nne vyote viwili mpaka Jumamosi saa sita. Safari ingekuwa Alhamisi inayofuata, kwa sababu siku hiyo maji yangepwa asubuhi.

"Tone moja?" Fundi aliuliza.

"Moja."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kibanda kitajwe. Alisema kwa upande wa hema waandike tu matokeo kabla ya mtihani.

Kilichomsumbua ni goti. Kuanzia Jumatatu, kila alipofunga kazi, alitandika kipande cha turubai sakafuni, akajilaza, akajaribu kuinuka. Siku ya kwanza aliinuka kwa kuushika mguu wa cherehani. Siku ya pili Kinyozi aliingia bila hodi, akamkuta amelala chali anatazama dari, akaketi kwenye kiti cha wateja akamwangalia, kisha akauliza kama amwitie ndugu zake au asubiri kidogo. Lakini ni yeye Kinyozi aliyempa wazo. Akamwambia, wewe ni mtu wa turubai, unahangaika na sakafu ya nini? Kabla ya Alhamisi kuisha Fundi alikuwa amejishonea kitanda cha kukunja, turubai nene juu ya fito nne, chenye kimo cha kuketi. Kutoka pale aliinuka kama kijana. Nesi alipokiona alikizunguka mara mbili akitafuta kasoro, hakuipata, akasema sharti halikusema lazima iwe sakafuni. Sharti la kwanza likawa limepita.

Siku ya Jumatano katikati ya hayo, walikutana nyumbani kupanga vitu. Na kupanga vitu, katika nyumba ile, kulikuwa na utaratibu wake.

Mwalimu aliamini kwamba hakuna kitu kinachosahauliwa na watu. Vitu husahauliwa na orodha. Mwaka wa kwanza walifika kambini bila kiberiti, wakala mkate mkavu siku mbili. Mwaka wa pili walikuwa na kiberiti, lakini upepo ulikata tawi, tawi likatoboa paa, na wenyewe walikuwa na sindano bila kiraka. Waliporudi alichukua karatasi ya manila, akaandika vitu thelathini na sita kwa mwandiko wa ubaoni, akachora safu pembeni za kuweka alama kila mwaka. Siku moja kabla ya safari vitu vyote vilitandazwa sebuleni, watu wakasimama nyuma ya mizigo yao, naye akaita mahudhurio. Si ya watu, ya vitu. Aliyebeba kitu ndiye aliyekijibia.

"Sufuria kubwa."

"Nipo," alijibu Fundi.

"Tochi mbili."

"Tupo," alijibu Nesi, maana zilikuwa mbili.

"Chumvi." Kimya. "Chumvi hayupo? Nani anamjua chumvi? Jana alikuwa wapi?"

Watoto walicheka mpaka wakaketi. Chumvi alikuwa mtoro mkubwa. Mwaka mmoja aliandikiwa barua ya onyo. Na hakuna mwaka ambao familia iliondoka kabla mahudhurio hayajakamilika, hata kama gari linanguruma nje.

Jumatano hiyo Nesi aliitoa ile manila nyuma ya kabati, ikiwa imekunjwa, kingo zimeliwa na mende, safu kumi na mbili zimejaa alama za wino mwekundu. Wote watatu waliutazama ule mwandiko. Kisha Nesi akakohoa na kuanza kusoma, ili kujua nini kipo na nini kinunuliwe. Mapanga yalikuwepo. Taa ya mafuta ilikuwepo, utambi hakuna. Chumvi, Kitinda alimjibia kwa sauti ya mtoro aliyeokoka. Walipofika namba kumi na tisa Nesi akasita.

"Beseni la bluu na kitambaa chake."

Fundi alisema beseni lenyewe analo, lipo karakana siku zote hizi, anatilia vile vijipete vya shaba vya kupitishia kamba. Ni lile dogo la bati, rangi imebanduka pembeni. Lakini kule kambini lilikuwa la nini? La kuoshea vyombo lilikuwa namba kumi na nane, na la kufulia namba ishirini. Alikumbuka tu kwamba asubuhi Mwalimu alinawa uso humo, akisema maji ya mvua yanalainisha ngozi. Yeye alidhani analitega nje. Kitinda alisema labda ni la kuwatisha kima. Nesi alitazama namba kumi na tisa kama mtu anayetafuta jina la mtu anayemsalimia barabarani, halikumjia, akachukua penseli, akapiga mstari juu ya namba hiyo kuifuta. Mizigo ilikuwa mingi tayari.

Ijumaa Fundi alifunga karakana saa nane. Alikunjua hema uwanjani, akalikagua kuanzia kizingitini hadi nyuma, mshono kwa mshono, akapaka nta palipokauka, akabadilisha kamba mbili. Kazi hiyo aliifanya kila mwaka, na kila mwaka alipofika kwenye kiraka cha kaki aliinua mkono akakiruka.

Alikuwa ameahidi. Siku ile tawi lilipotoboa paa, yeye alikuwa amejikata kiganja kwa panga akichonga vigingi, hawezi hata kushika kijiko. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya bahari. Mwalimu akakata mguu wa kaptura ya mumewe bila kuomba ruhusa, akavaa kile kipande cha ngozi anachovaa fundi kwenye kiganja ili kusukumia sindano, akapanda juu ya ndoo. Alishona saa nzima. Alijidunga, akatukana kwa lugha ya kiungwana ya walimu, akaendelea. Mumewe alisimama chini na mkono wake uliofungwa, anaona kila hatua inakosewa, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi akaufunga mdomo wake. Alipomaliza aliteremka, uso una jasho, akamtazama mumewe kama mwanafunzi aliyepeleka daftari mezani. Fundi hakupitisha kidole gumba. Alisema, "Umeshika."

"Basi usiuguse," mkewe alisema. "Hata tukifika nyumbani. Huu ni wangu."

Usiku ule mvua ilinyesha. Fundi alilala mlangoni, kama alivyolala miaka yote, ili akiingia mnyama amkute yeye kwanza. Mwalimu alichagua kona ya nyuma kushoto, na Nesi pembeni yake, na hiyo ikawa nafasi yake daima. Alisema anataka kulala chini ya kazi ya mikono yake. Asubuhi mumewe aliuliza kama umevuja. Akajibu, "Kwani huniamini?"

Jumamosi saa tatu hema lilikuwa limesimama. Halikuonekana kubwa kama zamani; Kitinda aliingia akiwa ameinama, akatoka akisema walilalaje humu watu wanne. Kinyozi alikuwa amemwacha mteja kichwa nusu, akaja kushuhudia, na alikuwa ametoa bomba lake la maji kwa sababu, alisema, hadithi aliyoisikia miaka yote hiyo anastahili kuiona mwisho wake. Nesi alitandika magazeti ndani, sakafu nzima, ili tone lolote lijiandike lenyewe. Akaingia na baba yake. Fundi aliketi kwenye kitanda chake cha kukunja, mikono juu ya magoti, kama mzazi aliyeitwa shuleni kusikia mtoto wake anasifiwa.

Kitinda akafungulia maji.

Sauti ilikuwa ileile. Maji yalipolipiga turubai, harufu ya zamani ikaamka: nta, moshi, chumvi, kitu kama majani yaliyooza vizuri. Fundi aliyafumba macho yake kidogo, na kwa dakika chache hakuwa nyuma ya karakana. Alikuwa mlangoni pa hema, watoto wamelala, mkewe ananong'ona majina ya wanafunzi wake usingizini. Dakika kumi zikapita, magazeti makavu. Kumi na tano. Nesi alitembea amepiga magoti kutoka mshono hadi mshono, mwenyewe akionekana kutaka kushindwa.

Dakika ya kumi na nane ikasikika. Tap.

Ilikuwa kona ya nyuma, kushoto. Doa jeusi, ukubwa wa kifungo, juu ya picha ya mchezaji mpira. Wakalitazama wote wawili. Likaja la pili, halafu la tatu, kwa mwendo uleule, kama saa. Fundi aliinua macho. Kiraka cha kaki kilikuwa kimelowa chote, na maji yalifuata ule mshono, hatua ndefu, hatua fupi, yakakusanyika pale ulipokwenda pembeni, yakaning'inia, yakaachia.

Alisimama bila kulihisi goti. Alipeleka mkono mfukoni, ukatoka na wembe na sindano, sindano tayari ina uzi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nitaufumua. Nipe dakika kumi, nitashona mishono miwili miwili, hautapitisha hata pumzi. Usimwambie bwana misitu bado."

Alikuwa ameshaweka kidole gumba juu ya uzi wa kwanza. Wembe ulikuwa umesogea, umesimama, umesogea.

"Baba, ngoja," Nesi alisema. "Nyamaza kidogo."

Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kona. Tap. Tap. Uso wake ukabadilika polepole. Kisha akatoka nje mbio, akapita katikati ya mvua ya mdogo wake, na Fundi akasikia vijipete vya shaba vikimwagwa juu ya meza ya karakana. Nesi alirudi amelowa, mkononi ana lile beseni dogo la bati. Akaondoa gazeti, akaliweka beseni kwenye kona.

Ting.

Ting.

"Sasa sikiliza," akasema. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akakiweka ndani ya beseni.

Tone likaanguka. Halikutoa sauti yoyote. Likaanguka jingine, kimya.

"Alikuwa anafanya hivi," Nesi alisema. "Kila mvua ikianza. Mimi nilikuwa macho. Aliniwekea kidole mdomoni, akasema usimwambie baba. Nilidhani ni mchezo wetu. Nilikuwa nimeusahau mpaka niliposikia mlio huu."

Fundi aliketi. Wembe ulikuwa bado mkononi, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa anahesabu, ingawa hesabu haikuwa kazi yake. Miaka kumi na mitatu. Kila mvua. Mwanamke amelala ubavu ili asigusane na beseni, mkono mmoja unapima kama limejaa, alfajiri anatoka kabla ya watu kuamka, ananawa uso kwa ushahidi, anaumwaga. Na kisha anarudi, anaulizwa kama umevuja, anajibu kwani huniamini. Na yeye, fundi aliyefumua mabegi ya watoto, akatembea mji mzima akiusifu mshono ule.

"Alijua ningeufumua," alisema.

"Ungeufumua?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Siku ileile," akakubali. "Na ningemweleza kosa lilikuwa wapi."

Nesi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati ya njia, akajifuta kwa mkono wa blauzi. Nje Kitinda alipaza sauti kuuliza kama nusu saa imeisha, maana Kinyozi analalamikia maji yake. Nesi alisogea kwenye kona, akaingiza mkono ndani ya beseni, akapima. Nusu saa ya mvua kali, maji ya kikombe kimoja.

"Ulisema tone moja," Fundi akamkumbusha. Aliona ni haki amkumbushe. Aliirudisha sindano mfukoni. "Mpigie bwana misitu, tuchukue kibanda. Lakini huu siugusi, mama. Afadhali nilale kwenye mbao kuliko kuugusa huu."

Nesi alichukua simu, akatazama saa: saa nne na robo. Alimpigia bwana misitu mbele ya baba yake, akamsalimu, akamuuliza hali ya njia ya mikoko. Kisha akamwambia ampe mtu mwingine kibanda. Wao watachukua kiwanja namba nne.

"Limevuja," Fundi alisema alipokata simu.

"Halijavuja. Lina mahali pake pa kuvujia." Alisema kwa sauti ya wodini, ile isiyobishiwa. "Mimi ndiye nitalala hapo."

Walipotoka, Kitinda alizima maji na kuwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona macho mekundu, akadhani safari imevunjika. Akaanza kusema kwamba hata kibanda si kibaya sana. Kinyozi yeye alikuwa hana subira. Alimkabili rafiki yake, mkasi bado mkononi.

"Haya, leo tujue. Umevuja au haukuvuja?"

"Umevuja," Fundi Turubai alisema. Alisimama wima, kifua mbele, kama mtu anayepokea zawadi. "Umevuja tangu siku ya kwanza, rafiki yangu. Miaka kumi na mitatu unavuja. Njoo ndani nikueleze."

Kinyozi alitazama jua, akamkumbuka mteja wake mwenye kichwa nusu, akaingia.

Jumatano iliyofuata, alasiri, vitu vyote vilitandazwa sebuleni. Nesi alisimama na manila na kalamu nyekundu aliyoinunua makusudi, akachora safu ya kumi na tatu. Kitinda alisimama nyuma ya sufuria na mapanga. Fundi alisimama nyuma ya hema, goti limefungwa bendeji, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mahudhurio yalikwenda vizuri. Taa ya mafuta alikuwepo na utambi wake. Tochi mbili walikuwepo. Chumvi alichelewa kidogo, akapatikana kwenye mfuko wa sukari, akakemewa.

Nesi alifika mahali palipokatwa kwa penseli. Alikuwa ameshapafuta kwa kifutio, lakini alama ya mkato ilibaki imeikwaruza karatasi.

"Namba kumi na tisa," akasoma. "Beseni la bluu na kitambaa chake."

Fundi aliinama, akalitoa chini ya hema. Alikuwa amelisugua mpaka bluu imeonekana. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwani, cha zamani, kilichofifia, alichokitoa kwenye kabati ambalo hakuwa amelifungua kwa miaka sita.

"Tupo," akajibu, maana walikuwa wawili.

Nesi akaweka alama, akaendelea na namba ishirini.